Darlene Hajipingi

Mwezi Januari mwaka 2012, Kampuni ya Larkmoor, wasimamizi wa mikopo ya nyumba wa mjini Columbus, jimbo la Ohio, ilitangaza rasmi kwamba mateso ya mkopaji yamefikia kikomo. Tangazo lilisomwa ukumbini mbele ya wafanyakazi wote wa simu. Donati ziligawiwa moja moja, na aliyeomba ya pili akaandikwa jina. Msomaji alikuwa Bwana Bradford Tillinghast, Makamu wa Rais anayeshughulikia Faraja na Mawasiliano. Larkmoor ilikuwa na rais mmoja na makamu wa rais arobaini, mmoja wao akishughulikia maegesho ya magari tu, kwa hiyo cheo hicho hakikuwa cha mchezo.

"Kuanzia leo," alisema Bradford, "hakuna mkopaji wa Larkmoor atakayepigwa danadana tena. Kila mkopaji atakuwa na mtu wake mmoja, anayemjua kwa jina, tangu shida inapoanza mpaka inapokwisha. Mtu huyo anaitwa Darlene."

Watu wakageuka huku na huku kumtafuta Darlene.

"Msigeuke," alisema Bradford. "Darlene ni ninyi."

Ilikuwa hivi. Jimbo lilikuwa limetoa agizo kwamba mkopaji aliyekwama apewe mtu mmoja wa kuzungumza naye, huyohuyo kila akipiga simu. Kampuni nyingine zilihaha, zikaajiri watu, zikawafundisha, zikapoteza fedha. Bradford yeye alijifungia ofisini, akalisoma agizo kwa makini, akagundua kwamba hakuna mahali paliposema mtu huyo mmoja awe na mwili mmoja. Wafanyakazi wa simu walikuwa mia tatu na ushee. Aliwapa wote jina moja, kazi ikaisha.

Usidhani jina lilipatikana hivihivi. Iliundwa Kamati ya Jina, ikaketi tangu majani yanaanza kupukutika mpaka theluji imejaa madirishani. Wataalamu waliletwa kutoka Chicago kwa malipo ambayo yangefuta madeni ya mtaa mzima, ingawa kufuta madeni hakukuwa ndani ya majukumu ya kamati. Walipendekeza Darlene kwa sababu, kwa mujibu wa utafiti wao, mtu akilisikia jina hilo humwona shangazi mnene anayekuletea bakuli la makaroni ukifiwa. Larkmoor haikuwa na nia ya kumletea mtu makaroni, lakini hisia ilikuwa nzuri.

Mkono mmoja ulinyooshwa nyuma ya ukumbi. Ulikuwa wa Curtis Oyler, pande la mtu mwenye sauti inayotikisa vikombe.

"Bosi, hata mimi ni Darlene?"

"Wewe hasa, Curtis."

"Na mteja akishangaa sauti?"

"Mwambie una mafua."

Mwongozo wa mazungumzo uligawiwa pamoja na donati. Kanuni yake kuu, aliyoibuni Bradford mwenyewe na kuipigia mstari, ilisema: Darlene hajipingi. Maana yake ilikuwa nyepesi. Kama Darlene ni mmoja, basi alichokisema jana amekisema, na wa leo hawezi kuruka akasema hakusema. Akikuta jambo alilosema mwenzake halifai, asilikane. Akubali, kisha aongeze jambo jingine juu yake. Bradford akamaliza kwa kwenda kula kiapo, akathibitisha kwa maandishi mbele ya jimbo zima la Ohio kwamba Darlene ni mtu mmoja, mzima wa afya, mwajiriwa wa kudumu.

Hapa ni lazima kuitetea Larkmoor kidogo, maana watu wana midomo. Wengi walidhani ndiyo iliyowakopesha. Larkmoor haikumkopesha mtu hata senti. Wenye fedha waliitwa wawekezaji, walikuwa mbali, na hakuna aliyewahi kuwaona. Kazi ya Larkmoor ilikuwa kuwakusanyia tu, na kukata chake njiani. Mkopaji akichelewa, iliongeza ada ya kuchelewa, na ada ya kumtuma mtu apite na gari aitazame nyumba kama bado ipo, na ada ya kuandika ada hizo. Kwa hiyo shida ya mkopaji ikitatuliwa mapema, ni Larkmoor iliyoumia. Bradford alisikitika sana watu walipoita hali hiyo ujanja. Yeye aliiita subira, na alikuwa na picha ya mto mtulivu ukutani kuonyesha kwamba anaiamini.

Miongoni mwa waliobahatika kupata Darlene alikuwa Bi Vernetta Stroud wa Dayton, mpishi wa shule ya msingi. Mumewe, Russ, alikuwa akiunganisha malori kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa alikuwa Indiana akipakia maboksi kwenye ghala, na usiku alilala ndani ya pikapu yake kwenye maegesho ya ghala hilohilo, maana mshahara wa mtu mmoja haukutosha kulipia nyumba ya Dayton na chumba cha Indiana. Walitaka jambo moja tu. Waiuze nyumba, wapange kijumba huko, walale kitanda kimoja kama mke na mume.

Tatizo ni kwamba bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka. Walidaiwa dola laki moja na arobaini elfu, na mnunuzi waliyempata, nesi kijana mwenye mtoto mchanga, aliweza kutoa elfu themanini na mbili. Kuna utaratibu wa mambo kama hayo: nyumba inauzwa chini ya deni, mwekezaji anachukua kilichopatikana, kilichobaki anakisamehe. Haihitaji miujiza. Inahitaji kampuni inayosimamia mkopo itamke neno "ndiyo" na kulitia kwenye karatasi. Neno hilo lisipopatikana, sherifu, askari wa mahakama, anainadi nyumba kwenye ngazi za mahakama kwa bei ya kutupa, na deni linalosalia linawafuata wenyewe mpaka Indiana na kukatwa kwenye mshahara wa upishi.

Bradford aliyajua haya yote kwa sababu simu zilirekodiwa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alifunga mlango, akavaa visikilizi, akaegemea kiti na kufumba macho kusikiliza kazi ya mikono yake. Simu za Bi Stroud alizipenda kuliko zote, kwa kuwa mama yule alikuwa na adabu na alipiga kila siku.

"Larkmoor, Darlene hapa, ninayekujua na kukujali. Naomba namba ya mkopo."

"Darlene, ni mimi, Vernetta. Si tumezungumza jana?"

"Nakujua sana, mama. Namba ya mkopo?"

Namba ikatajwa, kwa pumzi ndefu.

"Naam. Barua yako ya kueleza dhiki nimeisoma, mama. Imeandikwa vizuri sana. Ila dhiki yenyewe haijatosha."

"Haijatosha vipi? Mume wangu analala kwenye pikapu!"

"Pikapu ni ya nani?"

"Yake."

"Ameshamaliza kuilipia?"

"Zamani."

"Basi hiyo ni mali, mama. Itabidi tuihesabu."

Bi Stroud aliandika barua nyingine. Safari hii hakuacha kitu; aliweka na meno ya Russ yaliyong'oka bila pesa ya daktari, na yeye mwenyewe kula mabaki ya wanafunzi. Darlene aliyefuata, kijana wa kiume mwenye haraka, aliisoma na kuguswa.

"Mama, hii dhiki imezidi. Mtu mwenye dhiki ya kiwango hiki mfumo unamwona hana uwezo wa kukamilisha mauzo."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema haijatosha!"

"Nilisema, mama, na bado nasema. Haijatosha, na imezidi. Nitumie barua iliyo katikati."

Bradford alirudisha kipande hicho nyuma akakisikiliza tena, na machozi yakamlengalenga kwa fahari. Kulikuwa na vingine vingi. Kulikuwa na siku Darlene aliposema nyaraka zimeharibika, kwa kuwa karatasi yoyote ikikaa mwezi mmoja Larkmoor ilihesabiwa imeoza, na ni Larkmoor iliyoikalia. Kulikuwa na siku Bi Stroud aliposema ana risiti ya mashine inayoonyesha faksi yake imefika, naye Darlene akamjibu kwa upole, "Imefika, mama. Haijapokelewa."

Na mwezi Machi kulikuwa na ajali. Binti mmoja aliyekuwa Darlene kwa siku ya pili tu, ambaye hakuwa amemaliza kusoma mwongozo, alitazama kompyuta yake na kusema alichokiona. "Oh, hongera mama! Naona hapa mwekezaji ameshakubali bei ya huyo nesi. Barua itakuja." Ilikuwa kweli. Mwekezaji alikuwa amekubali kwa furaha. Elfu themanini na mbili taslimu ilikuwa bora kuliko nyumba tupu yenye mabomba yaliyopasuka kwa baridi. Lakini kukubali kwa mwekezaji ni jambo moja, na kikao cha Kamati ya Kutoa Ndiyo ni jambo jingine, nacho hakikuwa kimeitishwa. Binti alihamishiwa stoo. Kesho yake Darlene mwingine alipoulizwa, alifuata kanuni neno kwa neno: "Nilisema, mama, bei imekubaliwa. Na sasa nahitaji stakabadhi mpya za mshahara."

Simu ya mwisho aliyoisikiliza Bradford ilikuwa ya mwezi Mei. Mfumo wa Larkmoor ulirekodi hata mteja akiwa amesubirishwa, na kwa kuwa kusubirishwa ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya simu, mtu alisikia mengi. Juu ya muziki wa filimbi alisikika Bi Stroud akiongea na dalali wake wa nyumba, Margie Kowalczyk, mwanamke wa makamo aliyetafuna bazoka kama anailipizia kisasi.

"Shoga, huyu mwanamke anaumwa kichwa?" aliuliza Bi Stroud. "Leo mchangamfu, kesho mkali, keshokutwa ana sauti ya dume."

"Ana mafua," alisema Margie, na wote wawili wakacheka cheko la uchovu.

"Usicheke. Nilimtumia kadi ya pole."

Hapo Bradford akazima na kusugua mikono. Mteja aliyemtumia Darlene kadi! Alikwenda moja kwa moja kumsimulia rais wa kampuni. Laiti angesikiliza dakika mbili zaidi, angemsikia Margie akisema hivi:

"Vernetta, hebu nisikilize. Amekwambia mangapi huyu tangu Januari? Haijatosha, imezidi, imefika, haijapokelewa, imekubaliwa, imeoza. Na hakuna hata moja analolikana, umeona? Kila ukimuuliza anasema nilisema. Sasa wewe una shida gani? Chagua lile unalolitaka, umrudishie hilohilo. Mengine achana nayo."

"Si utapeli huo?"

"Utapeli uko wapi? Machi alisema bei imekubaliwa, au hakusema?"

"Alisema."

"Basi mbane hapohapo. Mnada ni Ijumaa ijayo, mama. Hatuna tena muda wa kuwa na adabu."

Jumatano ya wiki iliyofuata jimbo lilimtuma mkaguzi, Bi Winifred Achterberg. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuja na chai yake mwenyewe ndani ya chupa na kukataa donati kabla hajaonyeshwa. Ombi lake lilikuwa dogo: alitaka kumwona Darlene akifanya kazi.

Bradford alikuwa amejiandaa. Isingependeza mkaguzi aingie ukumbini akute Darlene mia tatu wanaongea kwa pamoja, wengine na ndevu. Aliamuru zoezi la moto. Wote watoke nje, wakasimame maegesho, isipokuwa Bi Loretta wa dawati la mbele, mama mnene mwenye sauti ya asali, aliyeandaliwa kwa siku hiyo na kusukwa nywele kwa gharama ya kampuni. King'ora kikalia. Lakini wafanyakazi wa Larkmoor walikuwa wamefundishwa kufuata mwongozo bila kuuliza, na mwongozo wa moto ulisema kila mtu atoke. Bi Loretta naye akachukua mkoba wake akatoka.

Bradford alipoingia na mkaguzi alikuta ukumbi mtupu, safu kwa safu za viti, na simu moja inalia.

"Darlene yuko wapi?" aliuliza mkaguzi.

Simu ikalia tena. Bradford alitazama dirishani: Darlene wote walikuwa nje juani wakivuta sigara.

"Unamtazama," alisema.

"Kwenye barua zenu unaitwa Bradford."

"Hilo ni jina la barua. Kazini ni Darlene."

Bi Achterberg aliandika bila kupepesa macho. Alikuwa amefanya kazi serikalini miaka mingi na hakuwa na haraka ya kushangaa. "Basi pokea, Darlene," alisema. "Weka sauti nami nisikie."

Bradford akakaa, akavaa visikilizi, akabonyeza.

"Larkmoor, Darlene hapa, ninayekujua na... na kukujali. Naomba namba ya mkopo."

"Darlene, ni Vernetta. Bado mafua hayajakuachia tu?"

"Bado kidogo, mama."

"Pole. Kunywa mchuzi wa kuku. Sasa nisikilize, dada yangu, leo sina maneno mengi. Mwezi Machi uliniambia mwekezaji amekubali bei na barua itakuja. Ulisema, hukusema?"

Kalamu ya mkaguzi ilisimama juu ya karatasi. Bradford alijua akisema hakusema, Darlene atakuwa wawili, na kiapo chake mbele ya jimbo kitakuwa uongo wa kwenda jela. Akatafuta kimbilio kwenye kanuni yake mwenyewe.

"Nilisema, mama," akasema. "Na sasa nahitaji..."

"Unahitaji nini tena," aliuliza mkaguzi kwa sauti ya chini, akionekana kutaka kujifunza kweli, "kama bei imekwisha kukubaliwa?"

Bradford aliwaza. Aliwaza stakabadhi, barua ya dhiki, picha ya pikapu. Kila kitu kilikuwa mezani mbele yake kwenye kompyuta, kimetumwa mara nane.

"Nahitaji kujua," alisema mwishowe, "barua niitume kwa nani."

Upande wa pili simu ilibadilisha mkono. Kisha ikasikika sauti ya Margie akitafuna bazoka: "Itume kwa dalali wake, mpenzi. Faksi iko wazi, nimeikalia hapa."

Bi Achterberg aliomba kuona barua inavyotumwa, kwa ajili ya taarifa yake. Kwa hiyo ilichapwa, ikasainiwa Darlene, ikapitishwa kwenye mashine mbele ya macho ya serikali, na ikawa faksi ya kwanza katika historia ya Larkmoor kufika mara ya kwanza. Mkaguzi alimpa mkono, akamwambia anaonekana mchovu, aombe likizo.

Bradford alirudi ofisini akiwa na moyo mzito, lakini haukudumu. Alikumbuka kwamba Idara ya Minada ilikuwa ghorofa ya juu, na kwamba idara hizo mbili hazikuwa zimezungumza tangu ugomvi wa jokofu. Hawakujua habari za barua, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwaambia. Ijumaa saa nne nyumba itanadiwa, barua itabaki karatasi tu, na kampuni itavuna ada zake. Alikula keki.

Alhamisi jioni wito wa mahakama ulifika. Margie Kowalczyk alikuwa ameibeba barua ile mpaka mahakama ya Dayton na kuuliza inakuwaje nyumba inauzwa na mkono huu, inanadiwa na mkono ule. Jaji alitaka jibu kabla ya mnada. Aliandika kampuni imlete Darlene.

Wanasheria watatu wa Larkmoor walikesha. Wakisema Darlene hayupo, kampuni imelidanganya jimbo kwa kiapo. Wakisema wako mia tatu, ni yaleyale. Wakisema ni karani mdogo asiye na mamlaka ya kuahidi kitu, kuna mkaguzi wa serikali aliyemwona Darlene kwa macho yake, na Darlene huyo alikuwa makamu wa rais. Rais wa kampuni, Bwana Hollis Van Keuren, aliwasikiliza, kisha akamwekea Bradford mkono begani.

"Kampuni inajivunia wewe," alisema. "Vaa suti nyeusi, Darlene."

Ijumaa asubuhi chumba cha mahakama kilijaa. Bi Stroud alikuwa amekaa mbele na nguo zake za jikoni, kwa kuwa alitoroka katikati ya zamu. Russ alikuwa ameendesha usiku kucha kutoka Indiana, shati limekunjamana, na alimshika mkewe mkono kama mtu aliyeambiwa atanyang'anywa. Jaji Eunice Hargett alishusha miwani.

"Jina lako?"

"Darlene, Mheshimiwa."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa.

"Ulimwambia mama huyu bei imekubaliwa?"

"Nilimwambia."

"Ni kweli ilikubaliwa?"

"Kweli, Mheshimiwa. Tangu Machi."

"Ulimwambia pia dhiki yake haijatosha?"

"Nilimwambia."

"Na kwamba imezidi?"

"Hilo nalo."

Jaji aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo wewe ndiye unayezungumza na wakopaji wote wa Larkmoor katika jimbo hili? Wewe peke yako? Unakula saa ngapi?"

Wanasheria watatu walikohoa kwa pamoja. Bradford aliwatazama, wakatazama viatu vyao.

"Napenda kazi yangu, Mheshimiwa," alisema.

Uamuzi haukuchukua muda. Barua ni ya kweli, aliyeisaini ana mamlaka na yuko hapa mwenyewe, mauzo yaendelee kwa nesi, deni lililobaki limesamehewa, na sherifu aambiwe ashuke kwenye ngazi. Bi Stroud hakupiga kelele. Aliweka kichwa kwenye bega la Russ na kulia kimyakimya, kilio cha mtu aliyekuwa amekishikilia tangu Januari. Russ alikuwa akimwambia, "Nimeona kijumba, kina jiko la gesi, kina jiko la gesi," kana kwamba ndilo neno pekee alilokuja nalo. Walipokuwa wakitoka Bi Stroud alisimama mbele ya Bradford, akamkagua kutoka tai mpaka viatu.

"Nilidhani wewe ni mwanamke," alisema. "Miezi yote nilikuonea huruma, nikidhani wanakutesa."

Bradford aliishika tai yake, akainyoosha.

Alichukua mkoba wake aondoke. Jaji akamwita.

"Bado, Darlene. Ijumaa ndiyo siku ya kesi za nyumba. Watu walio nje pale kwenye korido, wengi ni wa Larkmoor, na kila mmoja ameniambia anamtafuta Darlene. Nilidhani wamechanganyikiwa. Karani wangu amekuwekea meza. Utawasikiliza mmoja mmoja kabla hujatoka kwenye jengo hili. Na kile ulichokwisha kuwaambia, hutakikana. Umeapa."

Mlango ukafunguliwa. Korido nzima ilisimama. Walikuwepo wazee wenye bahasha, kina mama na watoto mgongoni, vijana wa viwandani waliovaa kofia za timu, na mnong'ono ukapita kutoka mwanzo wa foleni mpaka kwenye ngazi: ndiye yule, ndiye Darlene, ndiye yule mwenye tai. Hakuna aliyemtukana. Walimkazia macho tu, kwa hamu ya ajabu, na wakaanza kutoa karatasi zao.

Wa kwanza alikuwa mzee Amos Detweiler, fundi bomba aliyestaafu. Alikaa, akatandaza nyaraka, akaanza kueleza kwamba Februari Darlene alimwambia mnunuzi aliyempata ni mzuri na hakuna tatizo lolote. Hapo simu ya Bradford ikalia mfukoni. Alikuwa Bwana Van Keuren mwenyewe, rais wa Larkmoor, na sauti yake ilisikika mpaka kwa mtu wa tatu kwenye foleni.

"Bradford! Unawaambia ndiyo? Unajua kila ndiyo inatugharimu kiasi gani? Waambie hapana wote! Unanisikia? Hapana!"

Karani wa mahakama alikuwa amesimama palepale na daftari. Bradford aliitazama simu, akamtazama mzee Detweiler, mikono yake imejaa mabaka ya kuungua ya maisha mazima ya kuyeyusha risasi ya kuungia mabomba. Alijisikia vibaya sana, na hakujua jina la kuipa hali hiyo, kwa sababu haikuwa kwenye mwongozo.

"Nakusikia vizuri sana, bwana," alisema kwenye simu, kwa sauti laini. "Tafadhali usikate. Utahudumiwa kwa zamu."

Akailaza simu mezani, kioo chini, ikiendelea kufoka.

"Ulikuwa unasema mnunuzi yupo," alimwambia mzee.

"Yupo. Darlene, huyo anayepiga kelele ni nani?"

"Ni mwenzenu kwenye foleni," alisema Bradford, akichukua kalamu. "Mwambie wa mwisho kule kwenye ngazi ajue kwamba kuna mtu nyuma yake."